Baiskeli Iliyopokelewa na Mjomba

Kwa mkono wa Mwalimu Cuthbert,
Shule ya Msingi,
Mnyambe,
Newala.

Alhamisi, 5 Septemba 1996

Mpendwa dada Zena,

Shikamoo. Najua umeitikia marahaba huku unatafuta pa kukaa, maana barua zangu hazisomwi kwa kusimama. Hali yako? Ule mkono uliochomwa na mwiba wa mkonge umepona, au bado unavimba ukifua? Shemeji hajambo? Na wanao, Bwanali na mdogo wake, wanasoma, au wanakutoroka? Barua yako ya mwezi wa tano ilifika mwezi wa saba, imelowa pembe moja, lakini yote ilisomeka. Sisi huku tu wazima kwa rehema za Mungu. Baba anakohoa kikohozi chake kile kile. Mama hajambo isipokuwa macho, nitakueleza. Mimi ni mzima kuliko siku zote, na ndiyo maana nimeleta matatizo.

Usishtuke, dada. Barua hii naiandika nikiwa nimekaa juu ya baiskeli yangu, uani kwa mjomba Alfani, na leo ni siku ya pili sishuki. Nashuka kwa haja tu, na hapo mke wa mjomba, Mama Somoe, anashika usukani ili mumewe asije akairudisha ndani. Nimekula hapa, nimelala hapa, nimenawa uso hapa. Nikichoka kukaa nazungusha mikono, naenda mpaka banda la kuku, narudi mpaka mlangoni. Uwanja wote umejaa mistari ya magurudumu. Kuku wameshanizoea, mjomba bado.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia katikati utafikiri nimerukwa na akili.

Mwaka jana nilikuandikia kwamba kuna kituo Masasi, kinaitwa Tuinuane, kinafundisha walemavu kazi bila kutudai kitu, na kwamba nimepata nafasi ya miezi tisa. Wafadhili wake wako mbali, lakini mafundi wake ni watu wa huku huku, na wengi wao ni walemavu kama mimi. Hayo nilikueleza. Ambalo sikukueleza, kwa aibu, ni habari ya fomu.

Ile fomu ilikuwa na mstari mmoja tu wa mtu mzima wa kuniombea nafasi, umeandikwa "Sahihi ya baba". Baba alikuwapo, kalamu ilikuwapo, gari la kituo linangoja njiani. Baba akatia sahihi. Unamjua baba yetu. Miaka yote hii anaishi upande wa wakwe zake, hajawahi kuulizwa neno juu yetu sisi watoto, anayeulizwa ni mjomba, na siku hiyo kaulizwa na karatasi. Aliandika jina lake lote, na la babu, polepole, mpaka dereva akapiga honi. Sijawahi kumwona na uso ule. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kumwita mjomba kwanza.

Mjomba alipata habari nimeshafika Masasi, na aliipata kwenye foleni ya maji, mbele za watu! Mtoto wa dada yake kachukuliwa na gari, na yeye mwenye mtoto anaambiwa na wenye ndoo. Mwezi mzima hakukanyaga kwa mama. Ilibidi mama apeleke kuku na unga, apige magoti, aombe radhi. Mjomba akasamehe, lakini msamaha wenyewe ulikuwa wa mdomoni.

Basi gari la kituo liliponirudisha na baiskeli yangu mwezi wa sita mwaka huu, baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, wazee wakaona hapa ndipo pa kurekebisha kosa. Watu wa kituo walipouliza nani anapokea, mama hakungoja hata nifungue mdomo, akasema anapokea mjomba wake. Mjomba akaja na kanzu na koti juu yake. Akabandika dole gumba kwenye karatasi ya kupokelea. Vigelegele vikapigwa. Na mimi nilipiga, dada, mjinga mimi, kwa furaha ya kuona ugomvi umekwisha. Kisha vijana wakaibeba baiskeli juu juu, wakaipeleka kwa aliyeipokea.

Iko huko tangu siku ile. Imekaa sebuleni kwa mjomba, imefunikwa kanga ya Mama Somoe, na wageni wakija wanafunuliwa waione. Kila Ijumaa mjomba anaifuta vumbi na kuupaka mnyororo mafuta. Sisemi kaiba. Hajaipanda hata siku moja, na mtoto akiigusa anakiona. Anasema kitu kilichoingia katika ukoo kinatunzwa na mkubwa wa ukoo, nikikitaka niseme. Kusema nasema. Lakini unajua mwenyewe, kutoka kwa mama mpaka kwa mjomba ni nyumba tano na shamba la mihogo, mchanga mtupu, na miguu yangu tangu ile homa ya utotoni haijanibeba. Ili nipande baiskeli, sharti kwanza nitambae. Navaa kandambili mikononi, nafunga magoti kwa mpira wa tairi, natambaa mpaka kwa mjomba, naomba baiskeli, natembea. Nikimaliza namrudishia, kisha natambaa kurudi nyumbani. Umewahi kusikia kichekesho kama hicho? Watu wanacheka, na mimi nacheka nao. Nikifika nyumbani nalia kwa hasira.

Habari za hapa ni korosho. Mwaka huu zimechanua vizuri, waliopuliza dawa ya salfa na ambao hawakupuliza wote wanatamba. Wanunuzi binafsi wameshaanza kupita hata maua hayajakauka. Bei inayotajwa huwezi kuiamini, na kila mtu amekuwa mfanyabiashara wa kichwani. Lakini wezi nao wamesikia habari ya soko huria. Zamani nyumba ya mkulima ilikuwa haina cha kuibiwa. Siku hizi kuacha gunia ndani bila mtu ni kuliaga. Hili nalitaja kwa sababu linanihusu, utaona.

Pale Masasi wanawake tulifundishwa kushona nguo. Nilishona. Lakini karakana ya baiskeli ilikuwa ng'ambo ya uwanja, na kila nikisikia nyundo ya huko sindano yangu ilikwenda upande. Mkuu wa karakana anaitwa fundi Bartholomayo, anatembea kwa magongo, ana ulimi mkali. Siku moja nilimwambia baiskeli zake ni za watu wa lami. Akakasirika. Nikamwambia aje Mnyambe, gurudumu lake jembamba litazama mchangani mpaka katikati ya rimu, na mwenye baiskeli atabaki amekaa hapo kama mzigo uliosahauliwa. Kesho yake aliniita. Tukajaribu kufunga tairi pana, la pikipiki kuukuu, tukalikata na uma wa mbele tukaupanua. Likaingia. Hilo ndilo lililo mbele yangu sasa hivi.

Baada ya hapo nikawa mtu wa spoki. Ni kazi ya kukaa, ya macho na vidole. Unalizungusha gurudumu, unasikiliza linapogusa, unakaza spoki moja kidogo, unalegeza ya jirani yake, unazungusha tena. Nikishona nguo nilikuwa naangalia jua. Nikiwa na gurudumu nilisahau hata kula.

Na jambo jingine. Siku waliponijaribisha baiskeli, niliteremka kile kiteremko cha pale kituoni bila kushika breki. Dada, tangu nizaliwe nilikuwa najua upepo unaokuja. Upepo wa mtu mwenyewe kwenda sikuwahi kuujua. Nilipiga kelele mpaka watu wakatoka jikoni wakidhani nimeumia. Tangu siku hiyo mwili wangu hautulii. Zamani niliweza kukaa mkekani kutwa nachambua kunde, nikaona ni maisha. Sasa nikikaa kidogo tu mabega yananiwasha. Mama anasema nimerogwa Masasi. Mimi simbishii.

Sasa la leo. Mwezi uliopita fundi Bartholomayo aliniandikia. Karakana ina nafasi moja, mwaka mmoja wa kujifunza kupinda mabomba na kuchomelea, kisha ajira hapo hapo. Nitakuwa mwanamke wa kwanza. Lakini niwe nimefika Jumatatu hii, tarehe tisa, la sivyo anapewa mwingine aliye kwenye orodha. Na niende na baiskeli yangu, kwani bweni liko mbali na karakana na kituo hakina nyingine ya kunipa.

Nilimwambia mjomba mara ile ile barua ilipofika. Alisema tutaona. Wiki nzima tunaona. Jana nikatambaa asubuhi na mapema, nikamwambia lori la Masasi linapita barabarani Jumamosi, anipe neno. Akaniuliza, "Nyumba itabaki na nani?" Kisha akasema, "Mwandikie dada yako Zena, yeye ndiye mkubwa wenu. Akikubali, na mimi nimekubali."

Alisema hivyo akijua, kama ninavyojua mimi, kwamba barua ya Tanga inakwenda wiki tatu ikibahatika na kurudi wiki tatu. Sikubishana. Nikamwomba anitolee baiskeli nipunge upepo kidogo. Akanitolea mwenyewe, akanishikia nikapanda. Nilipokaa vizuri nikashika breki, nikamwambia, "Mjomba, sishuki." Alidhani ni utani. Mpaka chakula cha mchana alidhani ni utani.

Lakini lile swali lake halijaniacha, na ni kwa ajili yake nakuandikia, siyo kwa ajili ya ruhusa.

Nyumba itabaki na nani? Mimi ndiye anayebaki, dada. Ndiyo kazi niliyopewa bila kuulizwa. Watu wakienda shamba nipo, wakienda msibani nipo, watoto wa jirani wakiachwa wanaachwa kwangu. Nina miaka thelathini na moja na sijawahi kusindikiza jeneza hata moja. Ngoma za jando nazisikia kutoka mkekani. Wakirudi wananiletea pilau imefunikwa sahani, na kila mtu anaona nimekumbukwa. Sasa korosho zimekuwa fedha, ndiyo kabisa, wamepata mlinzi asiyeweza kuondoka. Na mama haoni. Juzi alimimina maji pembeni ya mtungi, ndoo nzima, na maji ya huku unayajua yanavyopatikana. Hospitali ya Ndanda walimwambia macho yake yanapasuliwa, anaogopa kisu. Kwa hiyo usifikiri sijui ninachokiacha. Nakijua, na nakwenda.

Nisamehe kwa hili ninaloandika sasa. Wewe ulipoolewa na kuondoka kwenda Tanga mwaka sabini na nane, mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mizigo yako ilikuwa imefungwa pale mlangoni, mama analia, mjomba anatoa dua. Nani aliuliza siku ile nyumba itabaki na nani? Hakuna. Jibu lilikuwa limekaa mkekani. Sikulaumu, ulikuwa kijana na ulikuwa na miguu. Lakini miaka yote unayoniandikia "nakutegemea wewe, mdogo wangu, umwangalie mama", naisoma nikifurahi kutegemewa, na siku hizi naisoma nikichukia. Bora nikuambie mimi mwenyewe kuliko uje usikie kwa watu.

Niliacha kuandika kwa muda. Sasa ni baada ya sala ya alasiri.

Mjomba alitoka na kigoda chake, akakaa mbele ya gurudumu, akasema, "Soma." Nilitaka kuruka mahali, lakini alikuwa ananitazama mdomoni. Nikasoma yote, ya sahihi ya baba, ya kanga, ya kuku. Kwenye kuku Mama Somoe alicheka akakimbilia jikoni. Mjomba hakucheka. Nilipomaliza akawa anachora mchangani kwa kidole.

"Hapo pa Zena," akasema, "rudia."

Nikarudia.

"Umesema kweli. Siku ile nilikutazama wewe kwanza, ndipo nikamruhusu yeye."

Nikasema, "Haya, mjomba."

"Fomu iliniuma, mpwa wangu, sikatai. Lakini si fomu. Dada yangu haoni, na mimi ndiye nitakayeulizwa. Nilijua ukishaizoea baiskeli hii hutakalika. Nikaiweka kwangu ili angalau uwe unaondoka na kurudi." Kisha akaangalia lile tairi la mbele. "Hili pana ni lako wewe? Wewe ndiye uliyelifikiri?"

Nikamwambia ndiyo. Akaligonga kwa kifundo cha kidole mara mbili tatu, kama mtu anayenunua chungu.

"Basi andika hivi. Mdogo wako Sikudhani anaondoka Jumamosi na baiskeli yake, na mimi mwenyewe nitamsukuma mchangani, baba yake atashika upande wa pili. Na Zena arudi. Mume wake si mlisema shamba la mkonge limepata tajiri mpya na watu wanapunguzwa? Waje wote. Viwanja vipo, mikorosho ya bibi yao haina mtu. Korosho zikianza kuanguka awe amefika."

Nikamwambia, "Mjomba, wewe ulisema barua ni ya kuomba ruhusa, siyo ya kumwita mtu."

"Ruhusa umeipata. Sasa hii ni barua yangu."

Aliomba kalamu. Kidau cha wino hatuna, kwa hiyo aliing'ata ile kalamu ya pili niliyoazimwa na Mwalimu Cuthbert mpaka ikavuja, akajipaka wino doleni. Meno yake ni ya bluu mpaka sasa, Mama Somoe hawezi kumtazama.

Hivyo, dada, jibu nililopewa mimi limekuwa swali lako. Sikumwomba akuite. Lakini nataka ujue kila kitu, hata hili. Najua ilivyo mtu mwingine kukupangia mahali pa kukaa, hakuna anayelijua kuliko mimi. Na mjomba alipoingia ndani kunawa mikono, ningeweza kuandika barua nyingine, safi, isiyo na dole lake wala wito wake, nikampa Mwalimu Cuthbert aipeleke posta ya Newala kesho. Karatasi ninazo tatu. Niliziangalia. Sikuandika.

Nimemwomba Mama Somoe awe anamwangalia mama asubuhi na jioni, na baba amesema atachota maji yeye, wacheke wanaocheka. Mambo hayo yanaweza kwenda mwezi mmoja au miwili, hayawezi kwenda mwaka. Ukiona huwezi kuja, mwandikie mjomba wewe mwenyewe, usinitume mimi. Ukija, mshike mama mkono mpeleke Ndanda, wewe anakusikiliza. Mimi kila nikipata nafasi nitapanda lori nije kumwona, nikiwa mgeni, na wewe utanipikia.

Nisalimie shemeji sana, mwambie asinichukie. Mbusu mdogo wake Bwanali, na Bwanali mwenyewe mwambie mama yake mdogo atamtengenezea baiskeli akifaulu. Baba anakusalimu. Mama anakusalimu, bado hajaambiwa habari ya kuja kwako, nimeogopa kumfurahisha kabla. Mama Somoe anauliza kama kanga za Tanga bado ni nzuri. Mungu akufungulie njia, iwe ya kuja au ya kubaki, na asitutenganishe mioyo kwa maneno ya leo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, niliyekushikia nyumba miaka kumi na minane,

Sikudhani

na dole gumba la mjomba wako, Alfani